Masega Yasilambwe

Mwanangu Doto,

Masista waliotufundisha kule Bukombe walisema barua njema huanza na salamu, ikafuata hali ya nyumbani, ndipo shabaha ikaja. Salamu tutapeana alfajiri nikikusindikiza stendi. Hali ya nyumbani unaijua, maana umo ndani yake mpaka kesho. Imebaki shabaha, nayo imenifanya niianze barua hii mara tatu tangu ulipotoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kufunga sanduku, wala za wavulana wa chuo. Umekuwa mwangalifu kuliko mimi tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja. Nitaibana barua hii pamoja na tiketi yako, uione utakapoitoa tiketi basi likianza safari. Isome kabla hujafika Masumbwe. Ukiisoma baada ya hapo itakuwa haina kazi tena.

Baba yako atakuwa amesimama stendi ya Masumbwe. Nilimpigia simu nikamtajia basi lako na saa yake. Najua pia ulichosema juzi ulipokuwa unakunja nguo, kwamba utakaa upande wa pili wa basi na kujifanya umelala. Niliendelea kuipiga pasi sketi ile ile mpaka ikakaribia kuungua. Unaamini baba yako ndiye aliyemharibu pacha wako. Umeamini hivyo miaka minane, na mimi nimekuacha uamini.

Nianze na gari, maana ulikuwa mdogo na huenda hukuelewa kilichotokea kabla ya safari ile.

Unakumbuka kwamba baba yako alikuwa fundi wa mabomba ya moshi hapa Nyasubi. Siku ambazo gereji haikuwa na kazi, alilitumia gari letu dogo jeupe kama mchomoko, akipeleka abiria Kharumwa na kurudi. Mwaka ule gari lilianza kuchoka. Likifika kwenye mlima linapumua kama mzee, na likisimama, chini yake kunakuwa na joto la kuchoma miguu. Baba yako alilala chini yake nusu saa, akatoka na jibu kwamba masega yameziba.

Mafundi hukiita masega kile kikopo kilichoungwa kwenye bomba la moshi, kwa sababu ukikikata utakuta ndani matundu madogo madogo yamepangwa kama sega la nyuki wa babu yenu wa Ushirombo. Moshi mbichi wa injini hupita humo na kusafishwa kabla ya kutoka nyuma. Wakati ule wanunuzi walikuwa wakipita gereji hata gereji wakiyatafuta masega makuukuu, maana ndani yake mna madini ya thamani, na watu wa huku kwetu wakisikia neno madini hawaulizi mara mbili. Wenye magari walikuwa wanayakata na kuyauza, wanaunga bomba tupu, na magari yao yananguruma kama karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Wenzake walimwambia baba yako afanye hivyo hivyo, wakamcheka kwamba fundi wa moshi anaogopa moshi.

Yeye akasema, “Sipitishi moshi mbichi chini ya wanangu.”

Naomba uyakumbuke maneno hayo. Aliyasema mbele yangu, nikiwa nimebeba ndoo, na hakuna aliyemlazimisha kuyasema.

Badala ya bomba tupu, akatafuta masega mapya ya namna nyingine. Hayakuwa ya kiwanda kilichotengeneza gari. Yalitengenezwa na watu wengine huko nje, yakiwa na matundu mapana zaidi, ili moshi upite kwa wepesi na injini ipate nguvu, na bado usafishwe. Baba yako aliyaita masega ya kupumua. Yaliletwa katika boksi la karatasi ngumu, na ndani ya boksi mlikuwa na karatasi moja ya maelezo, yote kwa Kiingereza.

Ilikuwa Jumamosi. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na magogo hapo uani, nanyi wawili mmechuchumaa mkitazama. Kulwa aliyachungulia yale masega mapya kama mtu anayechungulia darubini, akauliza mbona hayana asali. Baba yako akamwambia nyuki wake wamebaki Ulaya, hawakupata viza. Kisha akaniita.

“Mama Kulwa, njoo utusomee. Wewe ndiye uliyekaa na masista.”

Doto, nataka ujue jinsi nilivyoondoka kwenye kiti changu. Nilifuta mikono kwenye khanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa wa kwanza kwa Kiingereza, na zawadi yangu ilikuwa kamusi, ile nyekundu iliyokuwa ikikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Tangu niolewe, hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nisome kitu chochote cha Kiingereza. Nilikuwa nauza maharage sokoni kama mwanamke mwingine yeyote. Siku ile nilisimama uani kwangu nimeshika karatasi, na watu watatu niwapendao wamenyamaza wakinisubiri.

Mstari wa kwanza niliuelewa, na wa pili pia. Mstari wa tatu ulisema kwamba ukishakaza bolti, washa injini, kisha hakikisha kwenye viungo hakuna kitu fulani. Kitu hicho kilikuwa neno moja fupi.

Utakwenda kufundisha Kiingereza, kwa hiyo neno hilo utalijua mara moja. Wana neno la kuvuja na wana neno la kulamba. Katika maandishi yanatofautiana herufi mbili za katikati tu, na sisi tuliojifunzia huku tunayatamka sawasawa. Nililitamka kwa sauti, sikio langu likanipa la kulamba.

“Wanasema yasilambwe,” nikatafsiri.

Baba yako aliweka spana chini. “Yasilambwe?”

“Ndivyo walivyoandika. Kwenye viungo.”

“Kumbe hata wao wanajua kuwa huku tunayaita masega.”

Tulicheka, mwanangu. Unakumbuka? Kulwa alitoa ulimi nje akalisogelea bomba, ukamvuta gauni ukimwambia kwamba Mama amesema yasilambwe. Wiki nzima neno hilo lilikuwa letu. Ukikuta mtu ameshika kopo la sukari, yasilambwe. Baba yako akiusogelea mchuzi kabla haujaiva, yasilambwe.

Lakini wakati ule ule nikicheka, kulikuwa na kitu kinanigonga ndani. Nilijua kwamba hakuna mtengenezaji wa chuma anayewakataza watu wazima kulamba bomba. Nililitazama neno lile tena, nikaona herufi zake hazikai sawa. Kutoka pale niliposimama mpaka kwenye sanduku la bati ni hatua kumi na mbili. Nimezipima baadaye, mara nyingi. Kama ningekwenda, wangeniona ninarudi na kamusi, na yule aliyekaa na masista angekuwa mtu wa kutafuta maneno. Tena kicheko kilikuwa kitamu.

Baba yako akauliza, “Kuna kingine wamesema?”

Nikajibu, “Hakuna.”

Neno hilo moja ndilo ninaloliungama leo. La kulamba lilikuwa kosa la mwanafunzi, na mwanafunzi yeyote angeweza kulifanya. Hili la pili nililisema nikijua kwamba sijui.

Baba yako alikuwa na desturi yake kwa magari ya watu. Akimaliza kufunga bomba, anawasha injini, anamwagia maji ya povu la sabuni kwenye viungo, anatazama kama vinatoa mapovu. Kwa gari letu hakufanya hivyo. Kitu kilikuwa kigeni, kimekuja na maelezo yake, akaamini kwamba kama povu lingehitajika karatasi ingemwambia. Akairudishia gasketi ya zamani, ile inayoziba kiungo, akakaza bolti, akashusha gari. Likawaka kwa sauti nzuri. Alitabasamu mpaka jioni.

Safari yenyewe unaikumbuka kuliko mimi, kwa hiyo sitairefusha. Tulikuwa tunakwenda Ushirombo kwa babu yenu. Mvua ilinyesha tangu tulipotoka hapa Kahama, tukafunga vioo vyote, isipokuwa wewe uliyeacha wazi nafasi ya vidole viwili kwa sababu ya kichefuchefu chako. Kulwa alijilaza nyuma kabisa juu ya mizigo, mahali alipopapenda. Chini ya zulia pale nyuma palikuwa na tundu lililokosa kizibo chake cha mpira, na sote tulilijua. Tulisikia harufu kidogo tukadhani ni ya lori lililokuwa mbele yetu. Kulwa akasema kichwa kinamuuma. Baba yako akamwambia, “Lala, ng'wana wane, lala mwanangu, tumekaribia.”

Najua unamchukia kwa neno hilo, lala. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya baba yako, nikageuka, nikapiga magoti juu ya kiti nikamfunika Kulwa kwa khanga yangu ili alale vizuri. Hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa umeelekeza uso dirishani.

Pale hospitali walisema ni sumu ya moshi. Waliuliza gari limefanyiwa nini, na baba yako akasema, kabla mimi sijafungua mdomo, “Nimelifunga mwenyewe. Mimi ndiye fundi.” Siku Kulwa alipofumbua macho na kututazama kama watu wa kwenye picha, fundi mwingine alilimwagia gari letu povu la sabuni. Kiungo cha masega mapya kilitoa mapovu makubwa, yanavimba na kupasuka. Baba yako alisimama akiyatazama mpaka injini ilipozimwa. Nilirudi nyumbani, nikavuta sanduku la bati, nikafungua kamusi. Kuvuja. Lilikuwa pale kwenye ukurasa, limeandikwa wazi, limenisubiri tangu kidato cha nne. Nilifunga kamusi nikaenda kupika uji wa kupeleka hospitali.

Tangu siku ile nimesubiri siku nzuri ya kusema, na haikuja. Ulipofikisha miaka kumi na mitatu ulimwambia baba yako hapo mlangoni, “Usinisalimie.” Mtoto wa Kisukuma kumwambia baba yake hivyo. Nilipaswa kusema pale pale. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Mwezi ule ule akaacha kuchomelea, akahamia Masumbwe kwenye karasha. Watu wakasema amekimbia mtoto mgonjwa. Hilo nalo nililiacha.

Miaka miwili iliyopita nilikuaga kwamba nakwenda kwenye msiba. Hapakuwa na msiba. Nilimfuata. Nilimkuta ana vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, amekuwa mweupe kama aliyepakwa unga. Tulikaa nyuma ya karasha juu ya jiwe, nikamweleza yote, neno, kamusi, hatua kumi na mbili, na lile “hakuna.” Nilitegemea anipige, au alie.

“Nilijua,” akasema.

Ile karatasi alikuwa ameichukua wiki ile ile ya hospitali, akaipeleka kwa mwalimu mmoja hapa Nyasubi amsomee. Miaka yote sita alikuwa anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alichukua jiwe dogo, akalirudisha chini.

“Povu la sabuni halisomwi, Mama Kulwa. Nilipaswa kulimwaga, karatasi au hakuna karatasi.” Kisha akasema, “Doto ameshapata mmoja wa kumchukia. Mwachie mmoja wa kumrudia.”

Nikakubali. Ningependa kukuandikia kwamba nilikubali kwa ajili yako. Nilikubali kwa sababu ilinifaa. Nilipanda gari nikarudi, ukanipokea mkoba, ukaniuliza msiba ulikuwaje, nikakusimulia msiba.

Kwa hiyo mwanangu, baba uliyemkataa amekuwa akikulinda usimpoteze mama, na mama uliyekuwa naye amekuwa akila chakula chako cha heshima kila siku akijua si chake. Hiyo ndiyo hali ya nyumbani hasa. Ile uliyoizoea ni ya nje tu.

Utajiuliza kwa nini sasa, usiku mmoja kabla ya safari, wakati ningeweza kukuacha uondoke kwa amani. Sababu ni mbili. Ulipojaza fomu ya chuo ulinionyesha mahali pa somo ulilochagua, ukasema, “Kiingereza, Mama, kama wewe.” Nilikwenda chooni nikakaa huko. Siwezi kukutuma ukasimame mbele ya watoto wa watu ukiwa umefuata mfano ambao haukuwepo. Mtoto mmoja atakunyooshea kidole siku moja akuulize neno, na darasa zima litanyamaza likikusubiri. Kunyamaza kule ni kutamu na kunatisha. Sikuagizi la kufanya. Nakueleza tu kwamba nimewahi kusimama hapo, na nilichojibu mimi.

Sababu ya pili ni Kulwa.

Unajua alivyo. Kila asubuhi namfunga vifungo. Ana miaka kumi na tisa na mkono wake haushiki kijiko mpaka kinywani bila kumwaga. Madaktari walishasema tusitegemee zaidi, na kwa miaka minane wamekuwa wakweli. Jina moja tu limebaki mdomoni mwake, lako. Mimi ni Doto, kuku ni Doto, mvua ikianza ni Doto. Kesho jioni atakuita, na mimi ndiye nitakayeitika. Siku nyingine nakaa nikimtazama nisione mwisho wa jambo hili, isipokuwa kwamba nitazeeka nimfunge vifungo kwa vidole vinavyotetemeka kama vyake. Sina la kukufariji hapo. Nimetafuta.

Lakini Jumapili, wewe ukiwa kanisani, nilifungua chupa ya asali aliyotuletea baba yako kupitia dereva mmoja. Niliimimina kidogo kwenye kisahani. Kulwa alisogea, akachovya kidole, akakiinua mbele ya uso wake akikitazama. Halafu akanitazama mimi, mimi hasa, akasema polepole, “Yasilambwe.”

Akacheka. Kile kicheko chake cha uani, kilekile. Kilidumu kidogo sana, kisha uso ukarudi kama ulivyo sasa. Nimemwekea asali kila siku tangu hapo na hajalisema tena. Sijui lilitoka wapi, na sijui kama litarudi. Lakini lilikuwemo. Miaka yote hii nilidhani mimi na baba yako ndio tu tuliolihifadhi neno lile, kumbe na yeye analo, na kwake bado ni mzaha mzuri wa Jumamosi. Sikuweza kukaa nalo peke yangu baada ya hapo.

Sasa unao wawili wa kuwachukia, au huna hata mmoja, sijui utaamuaje. Ukiona huwezi kurudi kwangu likizo, nitaelewa, na Kulwa nitamwambia uko darasani. Kamusi nyekundu iko chini kabisa ya sanduku lako, imefungwa kwenye ile khanga niliyomfunika nayo. Kama hutaitaka, mpe mwanafunzi.

Kwa baba yako sina haki ya kukuomba kitu, lakini nitaomba. Hatakusogelea. Hatapunga mkono. Ulimwambia asikusalimie, naye ni mtu anayeshika neno, kwa hiyo atasimama karibu na mlango wa basi kama anayemsubiri mtu mwingine. Itabidi uanze wewe. Ukiulizwa na yeyote kama mama yako amekueleza, sema amekueleza yote.

Ulipokuwa na miaka mitano ulinijia unalia kwamba watu wote wananiita Mama Kulwa, kwa hiyo wewe huna mama. Nilikwambia Kulwa alitoka kwanza, ndiyo desturi. Ulisema desturi hiyo ni mbaya. Nimekuwa nikiikumbuka hoja yako.

Nasikia sauti zenu njiani, unakuja na wenzako mnaimba. Nitaificha karatasi. Kesho basi litasimama Masumbwe kwa muda wa abiria kununua mahindi ya kuchoma. Muda huo unatosha kwa shikamoo moja.

Mama Doto